Barua katika sanduku la mama mjane

Mwaka uliopita mama mmoja mjane alifika kwenye biro yetu ya sendika, hapa Lubumbashi, na sanduku dogo la chuma kichwani. Alilitua chini, akaketi, akapangusa jasho.

«Baba delege, ku biro banasema bwana yangu alianza kazi mu 1974. Ni bongo. Alianza mu 1968, mi nilikuwa tayari bibi yake.»

Sitataja kampuni. Fishi ya kwanza ya marehemu ilipotea, na fishi ya pili ilimzaa upya mu 1974. Miaka sita ya shimoni ilikufa hivi hivi. Na kwa mjane, miaka sita ni makuta mengi ya pansio.

Katika sanduku mulikuwa barua. Marehemu alikuwa akimwandikia mama yake kule Kabinda, na mama, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akijibu kwa mkono wa katekista. Huyu mama mukwe alipokufa, wandugu walirudisha barua zote za mtoto wake, zimefungwa na uzi. Tulisoma moja moja mpaka jioni. Ya nne ilikuwa ya Machi 1968: anamwambia mama kwamba wamemupokea kwenye kazi, anaandika na namba yake ya mufanyakazi, na anaahidi blanketi na mushahara wa kwanza.

Tangu siku ile ninatafuta habari za barua za zamani, na nimeona kwamba inchi yetu ya Katanga iko ndani ya barua mbele ya reli, mbele ya Union Minière, mbele hata ya Lubumbashi kuzaliwa.

Musikilize hii. Mwaka 1802 watu wawili waliondoka Kasanje, mu Angola: Pedro João Baptista na Amaro José. Walikuwa watumwa wa Mreno mmoja, Honorato da Costa, mkubwa wa soko la kule. Waliitwa «pombeiro», maana yake wachuuzi wanaotumwa mbali ndani ya inchi na mali ya bwana wao. Walipewa kazi ya kufungua njia kutoka upande wa Atlantika mpaka Tete, kule Msumbiji, na kupeleka barua. Walipita kwa Mwata Yamvo, wakavuka Lualaba, wakapita kwetu, wakafika kwa Kazembe, upande wa Luapula. Kule walizuiwa miaka mine. Walifika Tete Februari 1811. Zaidi ya miaka minane kwa kupeleka barua! Na sisi tunakasirika réseau ikikatika dakika tano. Kisha wakarudi Angola kwa mguu tena.

Baptista alijua kuandika. Katika daftari lake, lililochapwa Lisbon mwaka 1843, anasema juu ya mawe ya kijani na shaba ya Katanga. Yale mawe ni malakiti, wandugu, ileile tunayoijua sisi. Mkono wa mtumwa uliandika malakiti yetu karibu miaka mia moja mbele Union Minière haijaanza, mu 1906. Lakini daftari ni la njia, mito, wafalme na zawadi: ni ripoti ya kazi. Habari za nyumbani kwake, hakuna mukubwa aliyemuomba aziandike.

Na yeye alikuwa na bahati. Wakati uleule, bandari ya Benguela ilikuwa inapakia watu kwenye mashua kwenda Brazil, na hesabu yao yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, ni mamia ya maelfu. Wale hawakupewa karatasi. Wazungu wa Benguela na wa Rio walikuwa wakiandikiana juu ya biashara na juu ya bibi na watoto wao, barua zikisafiri katika mashua zilezile. Juu mule kuna salamu kwa shangazi, chini kuna watu wamefungwa minyororo. Mama wa hawa watu, kule ndani ya inchi, alibaki akingoja bila kujua hata jina la bahari.

Barua za jamaa kutoka Katanga kweli zilianza kuvuka Atlantika mu 1886, mwaka Frederick Arnot, misionere wa Scotland, alipofika Bunkeya kwa Mfalme Msiri. Alifika Februari, na alikaa karibu miaka miwili bila misionere mwenzake, mpaka Swan na Faulknor walipokuja mwisho wa 1887. Huyu Faulknor alikuwa mtu wa Canada. Barua zao kwa nyumbani zilibebwa na watu wa misafara ya Bié mpaka Benguela, zaidi ya kilomita 1,500 kwa mguu, halafu mashua. Sehemu ya barua za Arnot iliingia katika kitabu chake «Garenganze», kilichotoka London mu 1889. Mimi ninafikiria yule mubebaji. Alijua uzito wa mufuko kwa mabega yake. Kilichoandikwa ndani, yaani mtoto anaambia mama yake kwamba yungali muzima, hakukijua.

Leo wakubwa wanaimba korido ya Lobito. Lobito na Benguela ni majirani. Reli ya kule iliungana na ya kwetu mu 1931, na shaba ikaanza kupita karibu njia ileile ya misafara.

Wababa wetu walikuja kwa njia zingine. Bourse du Travail ilianza kuwaandika watu mu 1910. Wengine walitoka Lomami, Maniema, na kuanzia 1925 walitoka hata Rwanda na Burundi. Mu 1928 reli kutoka Bukama ilifika Ilebo, na barua za Kasai zikapata mwendo. Nani aliziandika? Mwenye masomo ya misheni, karani wa kampi, ao jirani kwa chupa ya pombe. Kule kijijini barua ilisomwa mbele ya watu wote, na ndiyo maana baba zetu walijaza ukurasa muzima na salamu, jina kwa jina. Ukisahau mujomba mmoja, umeanzisha mambo. Habari ya kweli, mfano kidole kimekatwa na mashini, iliandikwa katika mistari miwili ya mwisho, ndogo ndogo, ao haikuandikwa kabisa. Katika barua za huyu marehemu nilikuta mwaka muzima bila barua. Nikamuuliza mama. «Alikuwa mu lopitalo. Hakutaka mama yake ajue.»

Ninaomba familia za wafanyakazi kitu kimoja: musichome karatasi za zamani wakati wa kugawanya vitu vya marehemu. Chunga hata bahasha, kwa sababu muhuri wa posta una tarehe, na tarehe hiyo haikuandikwa na wewe wala na kampuni.

Dosye ya mama iko sasa kwa inspekta wa kazi. Biro ilidai barua yenyewe, si fotokopi. Mama alikataa. Mimi nilijaribu kumushauri, nikamweleza utaratibu, akaniangalia sawa vile unaangalia mtoto asiyesikia. Mwishowe tulipeleka fotokopi zenye muhuri wa komini, na inspekta alikubali kuja kutazama barua pale nyumbani, mbele ya mama.

Alikuja siku ya tatu. Alitazama tarehe, akaandika namba, akataka kuondoka. Mama akamwambia aketi kwanza, amusomee kwa sauti pale panaposema blanketi.

Alisoma. Mama akamuomba arudilie.

«Ni lile,» akasema, akionyesha kitanda. «Nilirudisha kutoka kilio cha Kabinda.»