Kisigino kinauma asubuhi?

Ukiamka hatua ya kwanza inakuchoma kisiginoni, kisha maumivu yanapungua ukitembea, mara nyingi ni utando mgumu wa chini ya unyayo uliovutwa kupita kiasi. Huletwa na kubeba kuni na madumu ya maji, kusimama sana kwenye foleni ya posho, na ndala zilizokwisha soli.

Kabla ya kuinuka, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa sekunde 30, mara 3. Gawaneni mizigo nyumbani. Usichanje wala usichome kisigino. Kupona huchukua miezi, usikate tamaa.

Lakini ukiwa na kidonda, funza, uvimbe wenye joto, ganzi au ugonjwa wa kisukari, usingoje. Njoo zahanati leo.