Stima Ikipotea Usilie: Chagua UPS Bila Kuuziwa Mbuzi kwa Gunia

Unajua vile inauma kuandika kazi ya mtu masaa matatu, halafu dakika mbili kabla uitume, keja inaingia giza? Mimi ilinipata. Mwenye kazi hakutaka stori za stima. Doh nikakosa, na mpaka leo hajanitumia kazi ingine.

Na stima ikiamua, haichagui mtu. Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima, hadi JKIA ikakaa giza. Kama unakula kutoka kwa mtandao, skiza hii.

Kwanza, usidanganywe na VA. UPS ya 650VA haibebi wati 650. Nyingi za hiyo saizi hubeba kama wati 360. Soma wati kwa kibandiko, halafu linganisha na mashine zako. Kompyuta ya mezani na monita yake inaweza kula kama wati 150, so hapo uko sawa.

Lakini wati zinakuambia mzigo tu. Dakika zinatoka kwa betri. UPS ndogo nyingi huwa na betri moja ya volti 12, Ah 7. Zidisha: 12 mara 7 ni wati-saa 84. Hutapata zote, juu zingine hupotea njiani, na betri ikikamuliwa haraka hutoa kidogo. Kwa wati 150, panga dakika 10 hadi 15. Hiyo ni time ya kuseivu na kuzima, si ya kumaliza muvi.

Uko na lapi? Basi shida yako ni rauta pekee. Tafuta mini UPS. Ikisema 8,800mAh, jua hiyo kawaida imepimwa kwa volti 3.7, so ni kama wati-saa 32. Rauta ya wati 10 itakaa kama masaa mawili na nusu, si nane vile muuzaji anaapa. Na kama adapta ya rauta imeandikwa 12V, chomeka kwa shimo la 12V, usibahatishe.

Betri nayo itaishi miaka mingapi? Zile za asidi, kama ya gari lakini zimefungwa, huenda miaka 3 hadi 5. Adui ya kwanza ni joto: ikikaa kwa nyuzi 35 badala ya 25, maisha yake hukatika karibu nusu. Kwa hivyo toa hiyo kitu nyuma ya friji. Adui ya pili ni kuimaliza hadi izime, halafu uiache hivyo wiki kadhaa bila chaji. Lithiamu ya LiFePO4 huvumilia chaji zaidi ya 2,000, ila lazima ujipange kimfuko.

Pasi, birika ya stima na printa ya leza, weka mbali na UPS kabisa.

Ukienda Luthuli, usilipe kabla ijaribiwe. Mwambie muuzaji aweke mzigo, kisha achomoe plagi ukiona. Betri imefura? Toka hapo. Na kama ya kwako siku hizi inakaa dakika moja tu, usiitupe. Mara nyingi ni betri imeisha, na fundi anabadilisha hiyo pekee.

Sasa inuka, geuza adapta ya rauta usome volti zake. Ukingoja giza, utasoma na tochi ya simu iliyobaki asilimia 4.