Saa ya Kufunga Mfuko wa Barua

Mtu akiisha kutia barua yake katika sanduku la posta, hudhani kwamba barua imekwisha kuondoka. Sivyo. Barua hukaa humo gizani mpaka ifike saa ya kufunguliwa sanduku. Saa hiyo huandikwa mbele ya sanduku, lakini wengi hupita bila kuisoma.

Saa hiyo haikuwekwa ovyo. Tuutazame mji wa Tabora. Zamani za Wajerumani, kabla ya reli, barua za pwani zililetwa na matarishi waliokwenda kwa miguu, wakipokezana mifuko njiani. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mchukuzi wa barua akawa gari la moshi, na gari la moshi halimngoji mtu.

Basi kabla ya gari kuondoka karani wa posta alikuwa na kazi nyingi. Kwanza alizitoa barua sandukuni. Kisha alipiga muhuri juu ya kila stempu, ili isitumiwe mara ya pili. Na muhuri ulionyesha jina la mji na tarehe. Halafu alizipanga kwa miji ziendako, za Dar es Salaam mbali na za Kigoma mbali. Mwisho alifunga mifuko, akaitia lakiri, ikapelekwa stesheni. Ndiyo sababu sanduku lilifunguliwa mapema, gari lingali mbali.

Kwa hiyo mtu aliyechelewa kwa dakika tano hakupoteza dakika tano tu. Barua yake ilingoja gari jingine, wala halikupita kila saa. Ikiwa ilikuwa barua ya kumwita mwana aje kumwona babaye mgonjwa, siku hizo za kungoja nani awezaye kuzilipa?

Hata upande wa pili kuna kuchelewa. Kwa desturi ya nchi hii barua nyingi hazipelekwi nyumbani, ila huwekwa katika kisanduku chenye namba, na mwenyewe huenda kukifungua. Asipokwenda, mbio zote za njiani ni bure.

Leo barua huchukuliwa pia kwa motokaa na kwa ndege, lakini kanuni ni ile ile: mfuko ukiisha kufungwa, haufunguliwi kwa ajili ya mtu mmoja. Wazee walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.