Mwani, Protini na Kiswahili cha Sayansi: Somo kwa Tulio Mbali na Bahari

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi protini zinavyopatikana kutoka katika mwani na jinsi zinavyotumiwa viwandani na maabarani. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: idara ya Kiswahili iliyoko Mbarara, katika nchi isiyo na pwani, ina haja gani na mmea wa baharini? Tuna majibu mawili.

Kwanza, wanafunzi wetu wengi watakuwa walimu, na baadhi yao watakuwa wakalimani. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, Kiswahili huwaunganisha Wakongo, Warundi na watu wengine wengi wasio na lugha moja ya nyumbani. Huko mkalimani haulizwi kuhusu methali tu. Huulizwa pia damu inatolewa kwa nini na itafanyiwa nini. Pili, protini ya mwani imekwisha kutufikia huku bara, ingawa wengi wetu hatukuitambua. Tutaona hapa chini imetufikia kwa njia gani.

Neno lenyewe

Mwalimu anayefundisha Mbarara hana budi kuanza na neno. Katika Kinyankole, na vilevile katika Kihaya cha jirani zetu wa Tanzania, neno linalokaribiana sana na "mwani" lina maana ya kahawa. Mwanafunzi akisikia kwamba wanawake wa Zanzibar hulima mwani baharini, anaweza kuona picha ya mibuni ndani ya maji! Kwa Mkongo aliyekulia Kivu, mmea wa majini ni mafunjo au magugu maji. Msomali aliyekulia Kismayu, kwa upande wake, anaijua bahari vizuri, lakini huenda hana neno la Kiswahili la kitu hicho.

Kwa hiyo tufafanue. Mwani ni kiumbe cha majini kinachojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini hakina mizizi ya kweli, maua wala mbegu. Hapo ndipo kinapotofautiana na magugu maji, ambayo yana mizizi na maua. Mwani umegawanyika katika makundi makubwa matatu kwa rangi: wa kijani, wa kahawia na mwekundu. Makala haya yanahusu zaidi mwani mwekundu.

Mwani wa Zanzibar na bidhaa yake

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mimea hiyo. Wakulima walio wengi ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, huchomeka vigingi mchangani, hufunga kamba kati yake na kuning'iniza vipande vya mwani. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika juani na kuuza kwa kilo.

Aina zinazolimwa ni mbili, na wakulima huziita spinosum na cottonii. Cottonii hununuliwa kwa bei ya juu zaidi, lakini imekuwa ikifa mara kwa mara kadiri maji ya pwani yanavyozidi kupata joto, na sehemu kubwa ya mavuno ya Zanzibar sasa ni spinosum. Kinachotafutwa na wanunuzi wa nje si protini, bali ni karajinani, yaani utomvu unaogandisha na kushikamanisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Karajinani ni jamii ya sukari ndefu. Protini iliyomo hupotea bila kulipiwa hata senti.

Protini ni kiasi gani?

Kiasi cha protini hutofautiana sana. Spinosum na cottonii aghalabu huwa na chini ya asilimia 10 ya uzito mkavu. Mwani mwekundu unaoliwa Japani kwa jina la nori huweza kupita asilimia 30.

Jinsi ya kupima ina umuhimu wake, hasa kwa mtu anayeuza. Njia ya kale ni ile iliyobuniwa na Johan Kjeldahl nchini Denmark mwaka 1883. Hupimwa nitrojeni, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa nitrojeni ni kama asilimia 16 ya protini. Lakini ndani ya mwani sehemu ya nitrojeni haimo katika protini. Ndiyo maana watafiti wamependekeza kuzidisha kwa 5 badala ya 6.25. Chukua mfano wa mwani wenye nitrojeni asilimia 1.6. Kwa hesabu ya kwanza una protini asilimia 10; kwa hesabu ya pili una asilimia 8. Asiyejua namba iliyotumika hawezi kujua anachonunua.

Hatua za kutoa protini

Protini imefungiwa ndani ya seli, na ukuta wa seli za mwani mwekundu umejaa utomvu uleule wa karajinani. Kazi nzima ni kuuvunja ukuta bila kuiharibu protini. Kwa ufupi, hatua ni hizi:

(i) Mwani mbichi huoshwa ili kuondoa chumvi na mchanga, kisha husagwa.

(ii) Ukuta wa seli huvunjwa. Njia mojawapo ni kuugandisha mwani kwa baridi kali na kuuyeyusha, mara kadhaa. Nyingine ni kutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, au vimeng'enya vinavyoukata utomvu.

(iii) Protini huingia katika maji. Mchanganyiko huzungushwa kwa mashine yenye kasi kubwa, makapi yakakaa chini na maji yenye protini yakabaki juu.

(iv) Protini hutenganishwa na maji. Ikiwa inakusudiwa kwa chakula, mara nyingi hutolewa kwa maji yenye magadi makali, kisha hutiwa asidi mpaka iganda. Huo ni mwenendo uleule tunaouona tukitia ndimu katika maziwa, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa Ankole asiyelijua. Ikiwa inakusudiwa kwa maabara, hutumika chumvi ya salfeti ya amonia, ileile ambayo wakulima huijua kama mbolea.

(v) Mwisho, chumvi huondolewa kwa mfuko wa utando wenye vitundu vidogo mno. Chumvi hupita, protini haipiti.

Hapa pana jambo kubwa ambalo msomaji asilipite. Protini nyingi haziwezi kuvumilia joto wala jua kali. Mwani mwekundu ukianikwa siku kadhaa hupauka ukawa mweupe. Kupauka huko ni dalili ya protini zenye rangi kuharibika. Tena viwanda vya karajinani huuchemsha mwani katika maji yenye magadi. Kwa hiyo anayetaka vyote viwili lazima atoe protini kwanza, mwani ukiwa mbichi au umegandishwa, kisha atoe karajinani katika makapi. Akigeuza mpangilio huo, protini atakuwa ameipoteza.

Kutoka baharini hadi kipimo cha damu

Rangi nyekundu ya mwani hutokana na protini iitwayo fikoerithrini. Kazi yake ni kuunasa mwanga wa kijani unaofika kwenye kina cha maji na kuupitisha kwa sehemu nyingine za seli ili zitengeneze chakula. Ikitolewa nje ya seli haina wa kumpitishia mwanga huo, basi huurudisha kama mng'ao wa rangi ya chungwa.

Mwaka 1982 wanasayansi watatu wa Marekani, Vernon Oi, Alexander Glazer na Lubert Stryer, walichapisha njia ya kuiunganisha protini hiyo na kingamwili. Kingamwili huchagua seli ya aina moja tu na kuishika, na fikoerithrini ikawa taa ya kuionyesha. Rangi hiyo ikawa mojawapo ya zilizotumiwa sana katika kuhesabu CD4, yaani chembe nyeupe za damu zinazoshambuliwa na virusi vya UKIMWI. Damu huchanganywa na kingamwili yenye taa, chembe hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, nazo zinazong'aa huhesabiwa.

Tukumbuke uzito wa hesabu hiyo. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure Uganda mwaka 2004, mgonjwa ambaye bado hakuwa na dalili kubwa alisubiri CD4 zishuke chini ya 200 ndipo aanzishiwe. Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango hadi 350 mwaka 2010, kisha 500 mwaka 2013. Mwaka 2015 likapendekeza kila mwenye virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri hesabu. Hata leo kipimo hicho husaidia kumtambua mgonjwa ambaye hali yake imekuwa mbaya. Kwa miaka mingi, basi, kitu kilichotoka baharini kilikuwa na neno lake katika kuamua nani apewe dawa na nani asubiri, hata katika nchi isiyo na bahari.

Nani anafaidika?

Fikoerithrini safi huuzwa kwa miligramu. Mwani mkavu huuzwa kwa kilo. Tofauti hiyo ndiyo habari yote. Anayefaidika ni mwenye baridi, mashine na maarifa. Si kwamba Zanzibar wamekaa kimya. Mtafiti Flower Msuya amewahimiza wakulima kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine badala ya kuuza mali ghafi tu. Lakini protini inahitaji hatua ya mbele zaidi, yaani mtambo wa baridi karibu na ufuo.

Tena wakati hausubiri. Mwaka 2005 ilitangazwa protini ya mwani mwekundu wa New Zealand, grifithisini, inayovizuia virusi vya UKIMWI kuingia katika seli. Kufikia mwaka 2009 watafiti walikwisha onyesha kwamba inaweza kutengenezwa ndani ya mimea ya jamii ya tumbaku, bila kuvuna mwani wenyewe.

Kwa walimu

Maelezo ya hatua kama yaliyo hapo juu ni somo zuri la kauli za vitenzi. Waulizeni wanafunzi tofauti kati ya "ukuta huvunjwa" na "ukuta huvunjika". Kauli ya kutendwa inadokeza kwamba yupo mtendaji. Kauli ya kutendeka haimtaji. Mkalimani anayemwambia mgonjwa "damu itaharibika" hakusema sawa na "damu itaharibiwa", na mgonjwa atausikia uzito wa kila kauli. Tunapendekeza pia mazoezi haya:

1. Eleza hatua (i) hadi (v) kwa mtu asiyewahi kuona bahari.
2. Tafuta katika Kiswahili cha Kongo maneno yanayotumika kwa chembe nyeupe na kingamwili, uyalinganishe na ya Kiswahili sanifu.
3. Mweleze mgonjwa, kwa sentensi zisizozidi sita, jinsi CD4 zinavyohesabiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba protini ya mwani hupatikana kwa kuvunja, kutenganisha na kuhifadhi katika baridi, na kwamba asiyefuata mpangilio huipoteza. Katika makala yote tumeeleza kwa Kiswahili, na pale neno lilipokosekana tumelisema jambo lenyewe kwa maneno ya kawaida. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Urasmi huo utakuwa na maana siku mgonjwa wa Nakivale atakapouliza damu yake inapelekwa wapi, akajibiwa kwa Kiswahili anachokielewa.