Anayetapika Damu: Tusisahau Kumuuliza Kuhusu Ziwa

Mto Mirongo hukatiza katikati ya jiji la Mwanza na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kwa wakazi wa mwambao huu, kama kwa ndugu zao wa Ukerewe na Kome, ziwa ni riziki, ni kisima na ni bafu. Kwa hiyo tunapotibu maradhi ya mfumo wa chakula, ziwa nalo lina nafasi katika chumba cha daktari.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa dagaa anayepandishwa kilima cha Bugando akitapika damu. Huenda kwa miaka kadhaa amemeza dawa za vidonda vya tumbo. Huenda pia ameambiwa kwamba amelishwa sumu au amerogwa. Damu hiyo yaweza kweli kutoka kwenye kidonda cha tumbo. Hata hivyo, kandokando ya ziwa kuna chanzo kingine kikubwa: kichocho cha utumbo.

Kimelea chake, Schistosoma mansoni, hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kuvuta nyavu, kisha huishi katika mishipa ya damu ya utumbo. Baadhi ya mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini. Miaka ikipita, makovu huziba njia ya damu, bandama hukua, na mishipa ya umio huvimba mpaka kupasuka. Hata hivyo, kwa wengi ini lenyewe huendelea kufanya kazi. Uvujaji ukidhibitiwa, mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi.

Maswali yanayobadili tiba

Tukishaokoa maisha, tuketi na mgonjwa. Anafanya kazi gani? Anaoga wapi? Alimeza lini dawa ya kichocho? Hutumia dawa gani za maumivu? Yeye mwenyewe anadhani anaumwa nini? Anayetaja uchawi asichekwe, kwani tukimkemea atanyamaza, na tiba itaishia mlangoni.

Vivyo hivyo kwa endoskopia. Tumweleze kwamba mpira mwembamba wenye kamera utapitishwa mdomoni, na kwamba kwa kifaa hicho hicho mishipa iliyovimba inaweza kufungwa. Tumpe nafasi ya kuitamka hofu yake.

Propranololi, ikiandikwa, humezwa kila siku hata mgonjwa asipohisi maumivu. Mvuvi anayekaa kambini mwezi mzima apewe dawa za mwezi mzima. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, imezwe pamoja na chakula. Huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii maambukizi mapya. Kumwambia mvuvi asiingie ziwani ni kumwambia asile. Tupange naye tarehe ya kurudia dawa, matumizi ya choo, na kuhifadhi maji ya kuoga kwa siku mbili ili vimelea vife.

Kwa wewe mgonjwa

Ukitapika damu, au ukipata choo cheusi kama lami, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Usimeze diklofenaki wala aspirini bila ushauri. Na daktari asipokuuliza kuhusu ziwa, mwambie wewe. Habari hiyo ni sehemu ya vipimo vyako.