Asili na Tajiriba katika Hisia za Binadamu: Tathmini ya Ushahidi wa Nyuso

Mjadala kuhusu chimbuko la hisia umewagawa wataalamu katika mikabala miwili. Mkabala wa kwanza, unaohusishwa na kazi ya Charles Darwin ya mwaka 1872, unashikilia kwamba maonyesho ya hisia ni urithi wa kimaumbile. Wa pili unaziona hisia kuwa zao la malezi, lugha na utamaduni. Makala hii inabainisha kuwa mikabala hiyo, kwa kiasi kikubwa, inajibu maswali tofauti.

Ushahidi unaotajwa sana kuunga mkono mkabala wa kwanza ni wa Paul Ekman na Wallace Friesen. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1971, Wafore wa Papua New Guinea, ambao hawakuwa na mazoea ya filamu za kigeni, walisimuliwa visa kisha wakachagua picha ya uso unaolingana na kila kisa. Chaguzi nyingi zililingana na matarajio ya watafiti, ila uso wa hofu haukutofautishwa vyema na wa mshangao.

Dosari hiyo ina uzito. Mwaka 2016, Carlos Crivelli na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vijana wa Visiwa vya Trobriand, katika nchi hiyohiyo. Uso wenye macho yaliyokodolewa na kinywa kilichoachama, ambao Wamagharibi huusoma kuwa wa hofu, vijana hao waliuhusisha na hasira na tishio. Kwa upande mwingine, David Matsumoto na Bob Willingham walionyesha mwaka 2009 kwamba wachezaji wa judo waliozaliwa vipofu, katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya mwaka 2004, walikunja nyuso zao baada ya kushinda au kushindwa sawa na wenzao wanaoona.

Matokeo haya hayakinzani. Kipofu tangu kuzaliwa hakujifunza uso kwa kuutazama. Lakini kuusoma uso wa mwingine kunahitaji maana, na maana hufunzwa. Msamiati wa Kiswahili unalidhihirisha hilo. Mtoto huzaliwa akijua kulia. Haya huipata kwa kukanywa na kuelekezwa. Tena haya ni tunu inayosifiwa, ilhali aibu huepukwa. Kwa hiyo, mtafiti anayetafsiri hojaji ya hisia na kuweka neno moja mahali pa jingine atakuwa amepima kitu kingine, hata kama takwimu zake ni sahihi.