Kiti cha enzi

Kiti cha enzi ni kiti kikubwa cha mbao kilichotumiwa na watawala, maliwali na wenye vyeo katika miji ya Waswahili, kama vile Lamu, Pate, Siyu na Mombasa, hasa katika karne ya 18 na ya 19.

Kina mgongo mrefu ulionyooka, mikono miwili na ubao wa kuwekea miguu. Mbao zake ni nyeusi, mara nyingi mpingo, zikiwa na nakshi ya pembe za ndovu au mifupa. Kikalio na mgongo husukwa kwa kamba nyembamba. Kwa kuwa watu wengi waliketi mkekani, aliyepewa kiti hicho alitambulika mara moja kuwa mwenye mamlaka au mgeni wa heshima.

Huko bara, kwa mfano kwa Wanyamwezi, mtemi aliketi juu ya kigoda kilichochongwa kutoka gogo moja.

Leo viti vya enzi huonekana zaidi katika makumbusho, mfano Lamu, lakini maneno yamedumu. Kiongozi wa kitongoji, hata Kibaigwa wilayani Kongwa, huitwa mwenyekiti, yaani mwenye kiti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008.